Dawa Ndani ya Nyumba Isiyo na Mlango

Hotuba hii, ya fangasi ya ubongo na dawa yake, niliitoa Mwanza mbele ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanafunzi wa famasia na maabara, na wenzetu wa vikundi vya watu wanaoishi na VVU. Wenzetu wa visiwani hawakuweza kuvuka siku ile kwa sababu ya upepo, wakaniomba niiweke yote kwenye maandishi. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale.

Wazee wangu, shikamooni. Wanafunzi, marahaba. Ndugu zangu wote, asanteni kwa kufika.

Naomba tuanze na maneno ambayo hakuna mtu humu ndani hajawahi kuyasikia: malaria imempanda kichwani. Nani hajayasikia? Mtu ameumwa kichwa wiki mbili, wiki tatu. Amekunywa parasetamo, amekunywa dawa ya mseto, amechomwa sindano. Kichwa kiko pale pale. Mara anaona vitu viwili viwili. Mara anamwita mama yake aliyekufa zamani. Mara hamjui mtoto wake wa kumzaa. Majirani wanakaa na kutoa hukumu: malaria imempanda kichwani. Mwingine atasema karogwa. Mwingine atasema mapepo. Na siku zinakwenda.

Mwaka 2006 nilikuwa mfamasia kijana, sijatimiza hata mwaka kazini. Mdogo wa mke wangu, mvuvi, akaletwa kwa boti kutoka kisiwani. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki pale mapokezi, akashika kichwa kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia ndoo isidondoke. Damu yake ilikuwa imepimwa malaria mara mbili na haikuonekana. VVU vilikuwa vimeonekana. Daktari akasema: lazima tutoe maji ya uti wa mgongo.

Mama mkwe akanigeukia. Akaniambia, "Baba, wewe ndiye unayejua mambo ya hospitali. Mtu akitolewa maji ya mgongo, si ndiyo anakufa?"

Nikanyamaza. Kwanza, ni mama mkwe, na mnajua wenyewe heshima ya mama mkwe. Pili, ndugu zangu, nilikuwa sijui vya kutosha kumjibu. Familia ikakataa. Siku ya nne, shemeji alipokuwa hajitambui tena, wakakubali. Sindano ikachomwa mchana, maabara ikaleta jibu jioni: fangasi kwenye ubongo. Alfajiri shemeji akafariki. Mpaka leo kwenye ukoo wetu wapo wanaosema ile sindano ndiyo iliyomuua.

Mama mkwe naye ametangulia mbele ya haki. Swali lake limebaki. Nimekuja hapa kulijibu, na ninyi mtakuwa mashahidi wangu, kwa sababu kesho na keshokutwa ninyi ndio mtakaoulizwa swali hilo hilo, mkeka ukiwa umetandikwa, na mgonjwa amelala katikati ya ndugu zake.

Jambo la kwanza ninalotaka kusema ni hili: ubongo unapovimba, jina la kilichouvimbisha ndilo kila kitu. Ubongo una lugha chache. Uingiliwe na malaria, na kifua kikuu, na bakteria, na virusi, na fangasi, mgonjwa atasema yale yale: kichwa, homa, shingo, kuchanganyikiwa, degedege. Ukimtazama kwa macho tu huwezi kujua. Na dawa ya mmoja haimgusi mwingine. Malaria ya ubongo ipo, jamani, ni ya kweli, na inaua watoto wetu. Lakini kipimo kikisema hapana, kisha kikasema hapana tena, kwa nini tunaendelea kuliita jina lile lile?

Niwasimulie kisa kilichoanzia kwa jirani zetu. Mwaka 1937 watafiti waliokuwa Entebbe walikuwa wakisaka homa ya manjano. Wakachukua damu ya mama mmoja mwenye homa katika wilaya ya West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Homa ya manjano hawakuikuta. Walikuta kirusi ambacho hakikuwa kinajulikana, wakakipa jina la ile wilaya. Miaka mingi ikapita. Agosti 1999, katika mtaa wa Queens jijini New York, daktari aitwaye Deborah Asnis akaona wagonjwa wenye homa, waliochanganyikiwa, na misuli imelegea. Haikumkalia sawa. Akapiga simu idara ya afya ya jiji. Wataalamu wakapima na kutangaza kuwa ni homa ya ubongo ya St. Louis, ugonjwa wa mbu unaofahamika Marekani. Helikopta zikapita zikinyunyiza dawa ya mbu. Watu wakapumua.

Lakini wiki hizo hizo kunguru walikuwa wakidondoka mitaani. Katika bustani ya wanyama ya Bronx, Tracey McNamara, daktari wa wanyama ambaye kazi yake ni kuchunguza mizoga, akawa anapasua ndege mmoja baada ya mwingine, hata flamingo, na kukuta ubongo umeathirika. Akajiuliza swali jepesi kabisa: kirusi cha St. Louis hakiui ndege, sasa hawa wanauawa na nini? Alipiga simu, akasumbua watu, hakukaa kimya. Mwishoni mwa Septemba jibu likapatikana. Kirusi kilikuwa kile cha West Nile, kile cha yule mama wa Uganda, ambacho hakikuwahi kuonekana Marekani kabla ya hapo. Watu 62 waliugua vibaya mwaka ule, 7 wakafa.

Kwa nini nimewaletea habari za kunguru wa New York? Kwa sababu Tracey McNamara aliona kitu kimoja kisichokaa sawa na hakukisukuma pembeni. Kipimo cha malaria kinachosoma hasi kwa mtu mwenye kichwa cha wiki tatu ni kunguru aliyeanguka mlangoni kwako. Utampita?

Na siku hizi usakaji huu umefika mbali. Mwaka 2014 ilichapishwa habari ya kijana wa miaka 14 huko Wisconsin, Marekani, ambaye ubongo wake ulikuwa umevimba kwa miezi. Walimpima kila kitu, hata kipande cha ubongo walikata wakakichunguza. Hakuna jina. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakachukua maji yake ya mgongo na kusoma vinasaba vyote vilivyomo, vya kwake na vya mgeni yeyote. Walipata vipande zaidi ya milioni 3. Ndani yake vipande 475 vilikuwa vya bakteria aitwaye leptospira. Ni yule yule ambaye Watanzania tulimfahamu kwa jina la homa ya mgunda, ulipozuka ugonjwa kule Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022. Kijana akapewa penisilini. Penisilini, jamani! Dawa ya zamani, ya bei ndogo, iliyokuwepo siku zote. Akapona akarudi nyumbani.

Sasa turudi kwenye sindano, maana hapa ndipo penye maneno.

Mgonjwa analazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, kama mtoto tumboni. Daktari anapapasa mfupa wa nyonga, anafuata mstari hadi katikati ya mgongo, chini ya kiuno. Kwa mtu mzima, uti wa neva wenyewe unaishia juu ya pale. Chini yake kuna neva zinazoelea ndani ya maji, kama nyuzi za katani zilizolowekwa kwenye ndoo. Ukiingiza sindano kwenye ndoo ya katani, nyuzi zinasogea. Ndiyo maana pale ndipo panapochaguliwa. Mtu hapoozi kwa sababu ametolewa maji.

Halafu maji yanatoka. Yapaswa kudondoka tone, tone, tone. Kwa ndugu zetu wenye fangasi ya ubongo, nimeona yakipanda kwenye mrija wa kipimo na kuupita wote. Kawaida ni chini ya sentimita 20. Yeye ana 40, pengine zaidi. Huo ndio uzito anaoushika kwa mikono miwili. Fangasi hii inaziba njia ambazo maji ya ubongo hupitia kurudi kwenye damu, nayo yanajaa kama mtaro uliozibwa kwa mifuko ya plastiki wakati wa masika. Daktari anatoa mililita 20 au 25, ujazo wa vijiko vitano hivi vya chai. Nimesimama pale pembeni ya kitanda na kumsikia mtu ambaye hakuongea siku mbili akisema, "Kichwa kimeachia." Kabla ya dawa yoyote. Nchini Uganda na Afrika Kusini walifuatilia wagonjwa wa aina hii, wakachapisha mwaka 2014: waliotolewa maji tena kwa ajili ya kupunguza ile nguvu, hatari yao ya kufa katika siku za mwanzo ilipungua kwa asilimia 69. Asilimia 69!

Basi mama mkwe wangu aliona nini hata akasema vile? Aliona kweli. Alikuwa ameona watu wakichomwa na kufa. Lakini walichomwa lini? Walichomwa siku ya mwisho, baada ya malaria ya kichwani, baada ya mganga, baada ya mkesha wa maombi, wakati pumzi zimebaki chache. Sindano ilibeba lawama ya wiki tatu za kuchelewa. Mkiulizwa, jibuni hivyo. Msinyamaze kama mimi.

Tone moja la maji yale maabara wanalichanganya na tone la wino mweusi. Wanafunzi wa maabara mnajua raha ya kuangalia kioo kile. Uwanja wote ni giza, na ndani ya giza duara dogo lenye mwanga, na kuzunguka duara hilo weupe mpana, kama mwezi uliozingirwa na ukungu. Huyo ndiye kriptokokasi. Ule weupe ni koti lake, na koti hilo ndilo linalomficha asionwe na kinga ya mwili. Anaishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa. Sote tunamvuta kwa pumzi. Mwenye kinga nzuri hajui hata kama alipita. Mwenye VVU ambaye CD4, zile chembe za kinga ya mwili, zimeshuka chini ya 100, anakuja kumjua.

Lakini wino unahitaji hadubini na jicho lenye uzoefu. Mezani hapa tuna vijiti vitatu vya karatasi. Naomba mtaalamu wetu wa maabara aweke sampuli kwenye vichupa hivyo vitatu na kutumbukiza vijiti. Sampuli hizi zimetoka kwenye boksi la kipimo lenyewe, si za mgonjwa. Ninyi watatu wa mstari wa mbele, naomba mvishike. Tuvipe dakika kumi. Mimi naendelea.

Kijiti hicho kinasoma kipande cha lile koti la fangasi, kwenye maji ya mgongo na hata kwenye damu tu. Na koti hilo huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Nisikilizeni hapo, wahudumu wa jamii. Wiki kadhaa kabla! Kulikuwa na utafiti mkubwa Dar es Salaam na Lusaka, ukachapishwa mwaka 2015, wenye watu 1,999 waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza VVU huku CD4 zao ziko chini ya 200. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida ya kliniki. Kundi la pili walipimwa pia koti la fangasi kwenye damu, na waliokutwa nalo wakapewa flukonazoli, dawa ya fangasi, mapema; tena kila wiki, kwa wiki nne za mwanzo, mtu aliyefundishwa aliwatembelea nyumbani kuwaangalia na kuwapelekea dawa. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mtu kama wewe mama, kama wewe kijana mwenye begi la mgongoni. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Nikisikia mtu anasema wahudumu wa jamii kazi yao ni kuhesabu vyoo, naumia.

Haya. Jina limepatikana. Dawa je?

Hapa nawaingiza chumbani kwangu, famasia. Kitendawili!

Nashukuru, mmesema tega. Nyumba yangu haina mlango.

Yai! Ndiyo, yai. Hata watoto wa chekechea wangetegua hicho. Sasa sikilizeni yai lilivyotufikisha hapa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Babraham, karibu na Cambridge, Uingereza, mwanasayansi Alec Bangham alikuwa na mafuta maalumu yanayopatikana kwenye kiini cha yai. Akayachanganya na maji na kuyatazama kwa hadubini ya elektroni. Aliyoyaona yalikuwa vijiduara vilivyojifunga vyenyewe, ngozi juu ya ngozi kama kitunguu, na maji yamefungiwa ndani. Hakuvisuka mtu. Mafuta yale yana kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia, na njia pekee ya kuificha mikia yote ni kujikunja mpaka kusiwe na ncha. Nyumba isiyo na mlango, imejijenga. Vikaitwa laiposomu. Miaka ya mwanzo ya 1970, Gregory Gregoriadis, akiwa London, akapeleka wazo mbele: kama nyumba hii inaweza kufungia maji, kwa nini isifungie dawa?

Na ilikuwepo dawa iliyokuwa inalia kuwekwa ndani ya kitu. Amfoterisini B. Ilipatikana katikati ya miaka ya 1950 kutoka kwenye bakteria wa udongo uliochukuliwa karibu na mto Orinoco, Venezuela. Inaua fangasi kwelikweli. Ngozi ya seli ya fangasi imejengwa kwa mafuta yaitwayo ergosteroli. Amfoterisini inayashika na kuitoboa ngozi. Tatizo ni kwamba ngozi za seli zetu zina ndugu yake, kolesteroli. Dawa inaipenda ergosteroli zaidi, lakini kolesteroli nayo haiachi. Kwa hiyo inaua fangasi na kuumiza figo za mwenye fangasi.

Wauguzi mliowahi kuitundika ile ya zamani, mnaikumbuka? Dripu ya njano. Baada ya muda mgonjwa anaanza kutetemeka hadi kitanda kinalia. Mshipa wa mkono unavimba, unatafuta mwingine. Potasiamu inashuka, moyo unayumba. Damu inapungua. Kila siku upime figo, na kama maabara haina kemikali za kupimia, unafumba macho na kumwomba Mungu. Zamani ilikuwa siku 14. Siku kumi na nne! Nimewahi kumwona mgonjwa akimshika muuguzi mkono na kumwomba, "Dada, leo uniache."

Fikirini basi kama mafundi. Ninyi mngejenga chombo cha namna gani?

Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Kikiwa kidogo mno, chini ya nanomita 6 hivi, figo zitakichuja kitoke na mkojo. Kikipita nanomita 200, ini na bandama vitakidaka. Laiposomu za dawa hii ziko chini ya nanomita 100. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita elfu 80 na kuendelea. Zipange laiposomu kuuvuka unywele mmoja, zitaingia kama elfu moja. Ukuta nao uwe mgumu: wakachukua mafuta yaliyotengenezwa kutokana na soya, wakaongeza kolesteroli ikaze kama simenti kati ya matofali. Na hapa pana ufundi ninaoupenda kuliko wote. Amfoterisini haipendi maji, kwa hiyo haikuwekwa sebuleni. Imepachikwa ndani ya ukuta wenyewe. Inasafiri kwenye damu imekaa starehe kati ya mafuta, figo zinapita bila kuguswa sana, mpaka nyumba inapogusa ngozi ya fangasi. Pale dawa inaona ergosteroli, ile inayoipenda zaidi, na inahama.

Mtauliza, na ukuta wa ubongo je? Swali zuri. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, Mjerumani, aliandika jinsi rangi alizowadunga wanyama zilivyopaka viungo vyote isipokuwa ubongo. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, mwaka 1913 akafanya kinyume: akaidunga rangi kwenye maji ya ubongo, na safari hii ubongo ukapakwa, mwili mwingine ukabaki ulivyo. Ndivyo tulivyojua kuna ukuta. Mishipa ya damu ya ubongo seli zake zimebanana, hakuna upenyo. Kila mwaka zinatoka habari za vyombo vipya vyenye makoti na funguo vilivyovuka ukuta wa ubongo wa panya. Nazisoma kwa furaha, lakini panya si shemeji yangu. Ninachoheshimu zaidi ni chombo ambacho kimeshafika wodini. Kwa sungura wenye maambukizi ya fangasi ubongoni, amfoterisini ya laiposomu ilionekana kwa wingi kwenye tishu ya ubongo kuliko ile ya kawaida. Na kwa sababu haiumizi figo sana, unaweza kutoa dozi kubwa kwa mara moja ikakaa kwenye tishu kwa muda mrefu. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kutoa dozi moja, usiku mmoja tu.

Nataka wanafunzi wa famasia mwone kichupa hiki. Ndani kuna unga wa njano, miligramu 50. Unaingiza maji safi ya sindano mililita 12, kisha unatikisa kwa nguvu, nusu dakika nzima, bila kubembeleza. Inakuwa njano yenye ukungu, na kila mililita ina miligramu 4. Unaipitisha kwenye kichujio, unaiweka kwenye dripu ya glukozi. Glukozi! Narudia: glukozi. Ukiiweka kwenye dripu ya chumvi itaganda na umeharibu dawa. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji miligramu 10 kwa kila kilo, yaani miligramu 500, yaani vichupa kumi. Mikono inauma kutikisa vichupa kumi. Nimeshavitikisa saa nane za usiku, na kila nilipokuwa natikisa nilimkumbuka mtu mmoja kwenye kiti cha plastiki.

Je, usiku mmoja unatosha? Mambo kama haya hayaaminiwi kwa maneno. Majaribio ya awali yalifanyika Botswana na hapa hapa Tanzania, kwa wagonjwa 80. Kisha ukaja utafiti mkubwa uitwao AMBITION, nchi tano: Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Wagonjwa 814. Nusu walipewa amfoterisini ya kawaida siku 7 pamoja na flusaitosini, dawa nyingine ya fangasi. Nusu walipewa dozi moja ya laiposomu, pamoja na vidonge vya flusaitosini na flukonazoli kwa siku 14. Majibu yalichapishwa Machi 2022. Baada ya wiki 10, waliofariki kwenye kundi la siku 7 walikuwa asilimia 28.7. Kwenye kundi la dozi moja, asilimia 24.8. Waliopata madhara makali walishuka kutoka asilimia 62.3 hadi 50. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaifanya dozi moja kuwa tiba ya kwanza.

Kazi hii imefanywa na wagonjwa wa Afrika, na wauguzi wa Afrika, kwa ugonjwa unaoua Waafrika. Kabla yake kulikuwa na utafiti mwingine, Malawi, Zambia, Kameruni na Tanzania, wagonjwa 721, uliotutoa kwenye wiki mbili za dripu hadi wiki moja. Sisi tumetoa damu na maji ya mgongo yetu ili dunia ijue. Naona tuna haki ya kudai dawa hii ifike kwetu, na siyo kwa hisani ya mtu. Mwaka 2018 ilitangazwa bei ya dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Zidisheni kwa kumi. Kwa mvuvi ni mlima. Kwa bajeti ya taifa si mlima.

Lakini hata kwa dozi hii, mmoja kati ya wanne bado anakufa. Hilo sitalifunika. Makadirio ya mwaka 2020 yanasema watu 152,000 duniani waliugua ugonjwa huu na 112,000 wakafa, karibu kifo kimoja kati ya kila vifo vitano vya UKIMWI. Wengi hawakufa kwa kukosa laiposomu. Walifika wakiwa wamechelewa, au hawakufika.

Mawili ya haraka kwa waliopo wodini. Usimpe mgonjwa huyu dawa za jamii ya deksamethasoni kwa kudhani unapunguza uvimbe; utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ulioshirikisha Uganda, Malawi na nchi za Asia, ulionyesha zinadhuru. Na dawa za kufubaza usizianze siku ile ile. Subiri wiki nne hadi sita, la sivyo kinga inaamka kwa hasira ndani ya kichwa ambacho kimeshajaa.

Dakika kumi zimeshapita zamani. Mama uliye mbele, naomba uinue kijiti chako. Una mistari mingapi? Mmoja. Asante, huyo hana. Kijana? Mmoja. Na wewe dada?

Sema kwa sauti wasikie nyuma. Miwili.

Haya ndugu zangu. Tuseme huyu ni mtu wa kisiwani, ana miaka 31, CD4 zake ni 40, jana kichwa kimeanza kumuuma. Mama yake amekaa pembeni yake kwenye mkeka na anakuangalia wewe. Anakuuliza, mtu akitolewa maji ya mgongo, si ndiyo anakufa? Dada, usikae. Mjibu.